Vinanda vikuukuu Burundi: Kwa nini kilicho kikongwe zaidi ndicho rahisi kufufuliwa

Kinanda kinapoharibika, kwaya haifi siku hiyo hiyo. Waimbaji huendelea kwa sauti zao, ngoma hushika nafasi iliyo wazi, na chombo kibovu husukumwa pembeni na kufunikwa kitambaa, hadi siku kinapohamishiwa stoo. Huko ndiko hatima yake huamuliwa, na mara nyingi huamuliwa vibaya. Cha mbao, chenye umri wa miaka themanini, hugeuzwa meza au kuni kwa kuwa ni cha zamani. Cha plastiki, chenye umri wa miaka minane, hutunzwa kwa matumaini kwa kuwa ni cha kisasa.

Kwa mtu anayevifungua vyombo hivyo na kuona kilichomo ndani, mambo ni kinyume. Kinanda cha upepo cha karne iliyopita kilitengenezwa kwa mbao, ngozi, shaba na gundi, vitu ambavyo fundi wa Gitega au Muyinga anaweza kuvipata na kuvifanyia kazi. Kinanda cha umeme kikishaungua kipande kimoja kidogo cha saketi, huenda kipuri chake hakitengenezwi tena popote duniani.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Burundi. Nchi haina bandari ya bahari, na katika miaka ya karibuni imekabiliwa na uhaba wa fedha za kigeni na wa mafuta, hali inayofanya chombo kipya kutoka ng'ambo kuwa mzigo mzito kwa parokia au shule. Takriban mtu mmoja tu kati ya kumi ndiye anayepata umeme. Kinanda kinachovuta pumzi kwa miguu ya mpigaji hakihitaji nguzo ya umeme wala betri.

Vilifikaje milimani?

Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walianzisha misheni ya Muyaga, mashariki mwa Burundi, mwaka 1898, na ya Mugera, si mbali na Gitega, mwaka 1899. Gitega yenyewe ilifanywa makao ya utawala wa Kijerumani mwaka 1912, na tangu 2019 ndiyo mji mkuu wa kisiasa wa nchi. Muyinga, kaskazini-mashariki, ilipata jimbo lake la Kikatoliki mwaka 1968.

Chombo kilichoandamana na misheni kote Afrika Mashariki na Kati kilikuwa hamoniamu, yaani kinanda cha upepo chenye ndimi za chuma, ambacho Mfaransa Alexandre Debain alikisajilia hataza mjini Paris mwaka 1842. Sababu ya kupendwa kwake ni nyepesi. Ogani ya mabomba ni jengo zima. Piano ya kusimama huzidi kilo mia mbili, na sauti yake hubadilika kila hali ya hewa inapobadilika. Hamoniamu ilibebeka, na sauti yake ilidumu miaka mingi bila kurekebishwa.

Chombo hicho kilifika pia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1875, mjini Calcutta, Dwarkanath Ghose alitengeneza hamoniamu ndogo inayovutwa kwa mkono, na aina hiyo ikaenea hadi Pwani ya Waswahili. Wapenzi wa taarabu ya Mombasa wanaikumbuka sauti yake katika nyimbo za marehemu Juma Bhalo. Anayejua kuitengeneza ya kanisani anaweza pia kuitengeneza ya taarabu, kwa sababu ndimi zao hufanya kazi kwa namna moja.

Vinanda vya umeme vilikuja baadaye. Vingi katika ukanda huu huuzwa vikiwa vimekwisha kutumika. Kwa upande wa Muyinga, mpaka wa Kobero ni lango kuu la bidhaa zinazotoka bandari ya Dar es Salaam.

Hamoniamu: mapafu, ndimi na vizibo

Mpigaji anapokanyaga vikanyagio, mivukuto hukusanya upepo, kama mivukuto ya mhunzi. Akibonyeza kibonyezo, kizibo kidogo cha mbao kilichovikwa ngozi hufunguka, upepo hupita kwenye ulimi mwembamba wa shaba, ulimi hutetemeka, na sauti hutoka. Aina za Kifaransa husukuma upepo kupita kwenye ndimi. Aina nyingi za Kimarekani huuvuta. Tofauti hiyo haibadilishi sana kazi ya fundi.

Maradhi ya chombo hiki ni machache na yanatambulika kwa sikio.

Sauti moja ikikosekana kabisa, mara nyingi vumbi au mdudu amenasa chini ya ulimi. Ulimi huchomolewa taratibu, husafishwa kwa brashi laini, na kurudishwa mahali pake. Usitie mafuta, kwa kuwa mafuta hukusanya vumbi zaidi.

Sauti ikilia yenyewe bila kibonyezo kuguswa, kizibo hakifungi sawasawa. Huenda ngozi yake imeliwa na wadudu, springi imelegea, au mbao imevimba kwa unyevu. Hapa ndipo hutokea kosa la kawaida: kibonyezo kilichokwama wakati wa mvua hupigwa msasa, na kiangazi cha Juni hadi Agosti kikifika mbao husinyaa na kibonyezo hucheza ovyo. Ni heri kukausha chombo kwanza, kisha kupima.

Chombo kizima kikikosa nguvu, tatizo liko kwenye mivukuto. Funga vishikizo vyote vya sauti, kanyaga mpaka hifadhi ya upepo ijae, kisha hesabu inachukua muda gani kuisha. Ikiisha papo hapo, kuna tundu. Vitambaa vya mpira vilivyotumiwa viwandani hukauka na kupasuka baada ya miongo kadhaa. Badala yake inaweza kutumika ngozi nyembamba ya mbuzi au kondoo iliyolainishwa vizuri. Gitega haikosi watu wanaoijua ngozi: Gishora, kilomita chache kutoka mjini, ni kitovu cha ngoma za kifalme zilizoingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, na kila ngoma huwambwa ngozi ya ng'ombe. Ya mivukuto sharti iwe nyembamba zaidi, lakini kuichagua, kuilowesha na kuikausha bila kupasuka ni ujuzi uliopo.

Gundi nayo ina uzito wake. Mafundi wa zamani walitumia gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Faida yake ni kwamba huachia kwa joto na maji, hivyo fundi wa kesho anaweza kufungua alichofunga fundi wa leo. Gundi kali za kisasa hushika milele, na kila ukarabati wa baadaye huwa kuvunja.

Usiguse sauti kabla ya kuuliza

Ulimi wa hamoniamu hurekebishwa sauti kwa kukwanguliwa kidogo sana. Ukikwangua karibu na ncha, sauti hupanda. Ukikwangua karibu na mzizi, sauti hushuka. Shaba iliyokwanguliwa hairudi, na ulimi uliokwanguliwa mno hukatika.

Tahadhari hii ina sababu ya kihistoria. Mwaka 1859 Ufaransa iliweka kisheria kipimo cha sauti ya "la" kuwa mitetemo 435 kwa sekunde. Kipimo cha 440 kinachotumika leo kilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa mjini London mwaka 1939. Tofauti hiyo ni kama sehemu moja ya tano ya nusu toni, ndogo, lakini inatosha kuleta karaha hamoniamu ya zamani inapopigwa pamoja na kinanda cha umeme.

Wengi hudhani hamoniamu ndiyo iliyoharibika, na kuanza kukwangua ndimi zote, ambazo katika chombo cha kawaida huwa zaidi ya mia moja. Ilhali vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kushusha sauti yote kidogo kidogo. Dakika moja ya kubonyeza humaliza ugomvi, na shaba ya miaka themanini hubaki salama.

Kinanda cha umeme: anza na nyaya, si na ubongo

Si kila kinanda cha umeme kilichonyamaza kimekufa. Makosa matatu hujirudia, na yote yanatibika katika karakana ya redio.

La kwanza ni adapta. Vinanda vingi vya zamani vya Casio hutumia volti 9 huku ncha hasi ikiwa katikati ya plagi. Vingi vya Yamaha hutumia volti 12, ncha chanya ikiwa katikati. Plagi zaweza kufanana kwa macho, na kuziazima bila kusoma alama iliyochapishwa karibu na tundu la umeme kumeua vinanda vingi. Vilevile, chombo kilichotoka Marekani kikiwa kimetengenezwa kwa volti 120 pekee hakiwezi kuchomekwa kwenye umeme wa 220 bila transfoma. Anayetumia betri ya sola ya volti 12 akumbuke kwamba ikijaa hupita volti 13, hivyo kidhibiti cha volti ni lazima.

La pili ni tundu la adapta lenyewe. Huvutwa kila siku hadi lehemu yake inapasuka ndani, na kinanda huwaka na kuzimika kila plagi inapoguswa. Kulehemu upya ni kazi ya dakika chache.

La tatu ni vibonyezo visivyolia au vinavyolia kwa nguvu kupita kiasi. Chini yake kuna ukanda wa mpira wenye vidoa vyeusi vya kaboni. Vumbi na jasho hukaa hapo. Ukanda hutolewa, na sehemu za mgusano husafishwa kwa pamba na spiriti safi, isiyo na maji mengi, kisha huachwa zikauke. Kwanza piga picha, kwani ukanda ukirudishwa ndivyo sivyo sauti zitaruka.

Kilichoungua kikiwa ni kipande kikuu kinachozalisha sauti, matumaini ni madogo. Hata hivyo, kuna njia isiyofahamika sana. Tangu mwaka 1983 vinanda vingi vimekuwa na mfumo uitwao MIDI, unaotambulika kwa tundu la duara lenye pini tano, na katika vile vya karibuni, kwa tundu la USB. Mfumo huo hautoi sauti. Hutuma tu taarifa kwamba kibonyezo fulani kimebonyezwa, na kwa nguvu gani. Ikiwa ni sehemu ya kutoa sauti pekee iliyokufa, kinanda kinaweza kuunganishwa na kompyuta au simu yenye programu ya muziki, nayo ikatoa sauti kwa niaba yake.

Kisipofaa hata kwa hilo, ni ghala la vipuri: spika, transfoma, springi, skrubu, na ukanda wa mpira utakaomwokoa ndugu yake wa aina ile ile. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa rasmi. Kuzichoma plastiki na nyaya ili kupata shaba, kama ifanyikavyo mahali pengi, hutoa moshi wenye sumu.

Piano: ya kuvunjwa kwa heshima na kwa hadhari

Piano ndiyo ngumu kuliko zote. Ina vibonyezo 88, nyuzi zipatazo 230, na jumla ya mvuto wa nyuzi hizo hukaribia tani 20. Ubao unaoshika misumari ya nyuzi ukipasuka kwa ukavu, nyuzi hazikai tena, na kuubadilisha kunahitaji karakana maalumu. Kwa hiyo piano iliyofikia hapo mara nyingi ni heri ivunjwe kwa mpango, vipuri vyake viokoe vyombo vingine.

Hatari iko hapa. Kukata nyuzi zikiwa zimekazwa, au kulegeza upande mmoja wote kwanza, kwaweza kupasua fremu ya chuma au kumrushia fundi uzi usoni. Nyuzi hulegezwa kidogo kidogo, robo mzunguko kwa kila moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha zamu hurudiwa mpaka zote zilegee. Miwani ya kinga haiepukiki.

Vibonyezo vya piano huwa na vidonge vya risasi ndani ili kuvisawazisha uzito. Risasi ikizeeka hutoa unga mweupe wenye sumu. Watoto wasivichezee, na unga huo usipulizwe kwa mdomo.

Pembe za ndovu juu ya vibonyezo

Vibonyezo vyeupe vya vinanda vya zamani vyaweza kuwa vya seluloidi, plastiki, au pembe za ndovu. Historia hii inaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Katika karne ya 19, misafara ilibeba pembe kutoka bara, ikiwemo njia ya Ujiji, hadi Zanzibar. Kutoka huko, sehemu kubwa ya zilizoingia Marekani iliishia katika miji miwili midogo ya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, ambako viwanda vilizipasua kuwa vipande vyembamba vya vibonyezo. Chombo kilicholetwa baadaye kufundishia nyimbo bara chaweza kuwa kimevaa pembe iliyotoka bara.

Kuitambua si vigumu. Pembe huonyesha mistari myembamba kama ya mbao, na mara nyingi kila kibonyezo huwa na vipande viwili vilivyounganishwa kwa mstari unaoonekana mbele ya vibonyezo vyeusi. Seluloidi na plastiki huwa kipande kimoja. Seluloidi hushika moto upesi mno, hivyo chombo cha kulehemia kikae mbali nayo.

Katika miaka ya 1980 Burundi, licha ya kutokuwa na makundi ya ndovu, ilikuwa njia kubwa ya kupitishia pembe kutoka nchi jirani. Mwaka 1988 ilijiunga na mkataba wa CITES, na mwaka 1989 nchi wanachama ziliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Umri wa kinanda haufuti sheria hiyo: kuvusha mpaka wa Kobero vibonyezo vya pembe bila vibali ni kosa, hata viwe na miaka mia moja. Njia salama ni kuviacha kwenye chombo chake, au kuwauliza wahusika wa mazingira kabla ya kuving'oa.

Kutoka kinanda hadi ikembe

Mabaki yana makao mengine karibu. Ikembe, ala ya Warundi inayopigwa kwa vidole gumba, ina ndimi za chuma zilizobanwa upande mmoja juu ya kisanduku cha mbao. Kimsingi ni jamaa wa hamoniamu: kule upepo hutikisa ulimi, hapa kidole. Hata kurekebisha sauti kunafanana kwa kanuni, kwani ulimi mfupi hulia juu na mrefu hulia chini. Tofauti ni kwamba wa ikembe husogezwa mbele au nyuma tu, bila kukwanguliwa.

Ndimi za ala za namna hii zimekuwa zikifuliwa kutokana na spoku za baiskeli na chuma kikuukuu cha kila aina. Uzi mnene wa piano ni chuma cha springi kilicho bora kuliko vingi vya hivyo, na ule mwembamba unafaa kwa umuduri, upinde wa muziki wenye kibuyu. Mbao nyepesi ya kifua cha piano hufaa kwa uso wa gitaa, na felti yake hukatwa kuwa vitulizo vya vibonyezo vya hamoniamu.

Kwamba kuokoteza si kazi ya duni kumethibitishwa jirani. Mjini Kinshasa, Mingiedi Mawangu, aliyeanzisha kundi la Konono No. 1 katika miaka ya 1960, aliunda vinasa sauti kwa sumaku za vipuri vya magari vikuukuu ili likembe isikike katikati ya kelele za jiji. Albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 iliwapeleka kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani.

Uamuzi kabla ya bisibisi

Maswali matatu yanatosha kuamua. Je, kilichoharibika ni sehemu inayochakaa, kama ngozi, felti na mpira, au ni kiungo kikuu cha chombo? Je, kipuri kinaweza kutengenezwa au kupatikana hapa? Na je, chombo kina kumbukumbu isiyopatikana pengine?

Swali la mwisho husahaulika. Ndani ya vinanda vya zamani mara nyingi kuna jina la mtengenezaji, namba, na maandishi ya penseli ya mafundi waliotangulia, pengine na tarehe. Yasifutwe wala kupakwa rangi. Kwa parokia kongwe, mstari mmoja wa penseli waweza kuwa ushahidi pekee wa lini chombo kilifika na nani alikitunza. Gitega ina Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955, na chombo kisichopigika tena lakini chenye historia kinastahili kuoneshwa kwa wahifadhi kabla ya kukabidhiwa shoka.

Baada ya hapo, kazi hufuata utaratibu wa subira: mwenye mali atoe ruhusa, picha zipigwe kila hatua, vibonyezo viandikwe namba, ndimi ziwekwe kwenye bahasha moja moja, na chombo kikirejeshwa kisimame mbali kidogo na ukuta, ambako mchwa na unyevu havitakifikia kwa urahisi.

Hamoniamu nyingi zilizolala stoo zinahitaji vitu vitatu tu: brashi, kipande cha ngozi na siku chache za fundi mwenye mkono mtulivu. Kabla ya kuigeuza meza, inafaa mtu akanyage vikanyagio vyake mara moja na kusikiliza. Ikitoa hata sauti moja, hata kama ni ya kukwaruza, ndimi zake bado zi hai.